Mpasho wa Lawino na Hoja Tatu za Mtihani

Kwa miaka mingi mtahiniwa wa Kidato cha Nne wa Visiwa vyetu, sawa na mwenzake wa Bara, ameingia katika chumba cha mtihani wa Kiingereza akiwa amebeba kichwani vitabu kadhaa vya fasihi. Katika riwaya mna Weep Not, Child ya Ngugi wa Thiong'o na Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala. Katika tamthilia mna The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka na Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia. Katika ushairi mna diwani ya Growing Up with Poetry iliyohaririwa na David Rubadiri, mna Summons iliyohaririwa na Richard Mabala, na mna nyimbo mbili za Okot p'Bitek, Song of Lawino na Song of Ocol. Swali nalo huja kwa sura ambayo mwanafunzi anaijua kabla hajaiona: chukua vitabu viwili ulivyovisoma, eleza jambo fulani, toa hoja tatu kutoka kila kimoja. Tatu na tatu ni sita, utangulizi mbele, hitimisho nyuma, kazi imekwisha.

Ninataka kuzungumza juu ya hizo hoja tatu, na juu ya kitabu kimoja tu katika hivyo nilivyovitaja, nacho ni Song of Lawino. Nimekichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sisi wapenzi wa ushairi wa pwani tuna haki na kitabu hiki kuliko tunavyodhani. Ya pili ni kwamba ndicho nilichomdhulumia nacho mwanafunzi wangu.

Nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika skuli moja ya mjini, na mtihani wa majaribio wa mwaka huo uliuliza juu ya nafasi ya mwanamke katika jamii. Wengi waliandika yaliyomo katika madesa, yaani vile vitini vya maelezo vinavyotolewa fotokopi na kupita mkono kwa mkono hadi herufi zake zikafifia. Lawino ni mke aliyedharauliwa, hoja ya kwanza. Lawino ni mlinzi wa mila, hoja ya pili. Lawino ni mwanamke asiyepata elimu, hoja ya tatu. Msichana mmoja, ambaye hakuwa hodari wa sarufi ya Kiingereza na ambaye darasani alikuwa kimya, aliandika jambo jingine. Alisema, kwa Kiingereza cha kuchechemea, kwamba Lawino halii bali anapasha. Alisema kwamba Lawino anajua fika kuwa yule mwanamke wa mjini zitamfikia habari, na kuwa maneno yake yote ya huruma ni ya kuchoma. Akamalizia kwa kueleza kwamba bibi yake hufanya vivyo hivyo kwa kanga: huichagua kwa jina lake, kisha akaivaa siku anayojua kwamba atapita mbele ya mlango fulani.

Nikaufungua mwongozo wa kusahihishia. Kupasha hakumo. Hoja ya kwanza hapana, ya pili hapana, ya tatu labda nusu. Nikampa alama nne katika kumi na tano.

Siku ya kurudisha karatasi alinisubiri mpaka wenzake walipotoka. "Mwalimu, kwani nimekosea?" Nikamjibu kwamba hakukosea, ila mtihani hautaki hivyo. Akaitikia kwa adabu, akaikunja karatasi mara mbili. Katika mtihani mkubwa aliandika hoja sita kama walivyoandika wenzake, akafaulu. Kitabu alikirudisha maktaba kabla hata ya matokeo kutoka.

Maneno haya, "mtihani hautaki hivyo", nimeyarudia moyoni mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikiyarudia huona kwamba nilimwambia mtoto yule kwamba alichokijua kutoka kwao si elimu. Na alichokijua kilikuwa ndicho chenyewe.

Madesa husema, na walimu husema, na mimi nimesema, kwamba dhamira kuu ya Song of Lawino ni mgongano wa utamaduni wa Kiafrika na wa Kizungu. Kauli hii si ya uongo. Ubaya wake ni kwamba inafaa kila mahali. Itie katika The Lion and the Jewel, itakaa. Lakunle na Baroka watagawana pande mbili bila ya taabu. Itie katika Three Suitors, itakaa vilevile. Mwanafunzi aliyeishika kauli moja ameshika ufunguo wa vitabu vitatu, na hapana haja tena ya kuifungua milango yenyewe aone ndani mna nini. Chombo kimoja kikifaa kila kazi, mara nyingi huwa hakifai hata moja sawasawa.

Ajabu ni kwamba vitabu hivi viliwekwa katika skuli zetu ili tuondokane na usomaji wa namna hiyo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wao mashuhuri kule Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, fasihi simulizi ikiwa msingi wake. Miaka mitatu baadaye, 1971, Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 ikapitisha sheria ya kuunda Baraza la Mitihani lake wenyewe. Washairi wa Kiingereza wa maua na theluji wakapungua, wakaja Okot na Soyinka. Lakini vilivyobadilika ni vitabu. Namna ya kuvisoma ilibaki ilivyokuwa. Lile fungu la fasihi simulizi, ambalo waraka uliliweka msingi, katika daftari la mtahiniwa limekuwa kichwa cha habari na chini yake orodha.

Basi tumrudie Lawino, na tumsikilize kama tunavyomsikiliza mtu.

Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, East African Publishing House ikikichapa Nairobi. Ni wimbo mrefu wa sehemu 13, na wote ni sauti ya mwanamke mmoja wa Kiacholi, kaskazini ya Uganda, ambaye mumewe Ocol amesoma, akamwona mkewe mshamba, akamfuata Clementine, au Tina, bibi wa mjini. Swali la kwanza ambalo mtu wa pwani angeliuliza, na ambalo sijaliona katika kitini chochote, ni hili: Lawino anasema na nani? Hasemi na mumewe peke yake. Humwita mume, mara akamwacha, akawageukia watu wa ukoo wake, akawashitakia. Anajenga baraza. Anataka wasikilizaji, na wasikilizaji hao anataka wacheke, kwa sababu anajua kwamba mwanamme aliyechekwa na ukoo mzima hana pa kwenda.

Huu ni ufundi tunaoujua. Zanzibar imekuwa na vikundi vya taarab vya wanawake, Nuru l-Uyun na Sahib l-Ari, vilivyoshindana kwa nyimbo hata mji ukagawanyika. Na nyimbo za Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, zilibeba mashitaka ya watu wadogo mbele ya wakubwa kwa lugha ambayo mkubwa hakuweza kuishitaki. Mpasho wa leo umechujuka, na wapo wanaouona kuwa ni kelele tu. Sikatai kwamba mwingine ni kelele. Hata hivyo mpasho uliotungwa vyema una kanuni zake. Mpashaji hujisifu kwanza, asije akaonekana kwamba anasema kwa unyonge. Humtazama hasimu kwa jicho la huruma, kwa sababu huruma huumiza kuliko tusi. Na baada ya kuchoma, hukana kwamba amechoma.

Msome sasa Lawino katika ile sehemu ya Tina. Anaieleza midomo iliyopakwa rangi nyekundu kama mtu anayeeleza kidonda kibichi. Anaieleza poda juu ya uso mweusi, na jasho likipita juu ya poda. Anamzeesha mwenzake, anamkondesha, anamtisha nayo watoto. Kisha, katikati ya moto huo, anasita na kuomba radhi: msidhani ninamtukana, msidhani ni wivu, ni huruma tu inayonisemesha. Msomaji anayekariri hoja huandika hapa kwamba Lawino ana huruma. Msomaji aliyekaa ukumbini hucheka, kwa kuwa anaijua huruma ya namna hiyo. Na kabla kicheko hakijesha, Lawino anafanya jambo ambalo mpashaji wa kawaida hathubutu: anakiri kwamba wivu kidogo anao, kwani kusema uongo si vizuri. Hapo ndipo Okot anapokuwa mshairi mkubwa. Mwanamke aliyekuwa akicheza na maneno anaacha kucheza kwa pumzi moja, tunamwona amejeruhiwa, kisha anajifunika tena na kuendelea na kejeli. Pumzi hiyo moja haiwezi kuwa hoja ya kwanza, ya pili, wala ya tatu. Lakini asiyeiona hajakisoma kitabu.

Sisemi kwamba Lawino ni Mswahili. Anamtaja hasimu wake kwa jina, jambo ambalo fundi wa mpasho wa kwetu angelikwepa, kwa kuwa kwetu utamu umo katika kutotaja. Waacholi wana nyimbo zao na adabu zao, na Okot alizijua kwa undani. Tasnifu yake ya Oxford ilihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango na maisha yaliyoizaa. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyekulia baina ya kanga na taarab anapofika mbele ya Lawino hafiki mikono mitupu, na kwamba maandalizi yetu ya mtihani yanamwamuru aviache mlangoni vile alivyokuja navyo.

Chukua mfano wa boga. Kila mtahiniwa hujua kuwa boga ni ishara ya utamaduni wa Kiafrika. Ni jibu la sentensi moja, na hupata tiki. Lakini Lawino anatumia methali ya kwao, na methali hiyo haisemi juu ya boga lolote. Inasema juu ya boga la kiwanja cha zamani ambacho wenyewe wamehama, mahali ambapo sisi tunapaita mahame. Neno hili likitamkwa mbele ya mwanafunzi wa Pemba au wa Makunduchi halihitaji kitini. Amepita mahameni. Ameona mwembe usio na mwenyewe, mkungu, na tambazi la maboga juu ya kifusi, ambalo halikupandwa na mtu aliye hai na ambalo mpitanjia huchuma majani yake akayapika. Anaelewa hapo hapo kwamba kosa la kung'oa si kudharau mababu tu. Ni upumbavu, kwani mmea huo haukugharimu kitu na unalisha. Lawino haombi kwamba watu warudi mahameni wakakae. Anauliza kisa cha kung'oa. Baina ya kauli hizo mbili pana tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo inayomtoa katika lile kundi la "walinzi wa mila" alimofungwa.

Kuna jambo la vina ambalo linanihuzunisha zaidi. Mwanafunzi wetu anajiandaa kwa mitihani miwili ya fasihi kwa wakati mmoja, wa Kiswahili na wa Kiingereza. Katika wa Kiswahili anafundishwa beti, mishororo, vina na mizani, tangu Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi ya mwaka 1954, na anaelezwa mgogoro uliozuka pale Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na mashairi yake yasiyofuata vina. Saa inayofuata anaingia katika Kiingereza, anamkuta Lawino hana vina, na anaandika: wimbo huu hauna vina, ni shairi huru. Tiki. Hapana anayemwambia kwamba wimbo huu ulikuwa na vina.

Okot aliutunga kwa Kiacholi, Wer pa Lawino, na neno wer maana yake ni wimbo. Alipoufasiri mwenyewe kwa Kiingereza alikiri mwanzoni mwa kitabu kwamba katika kuufasiri ameviua vina na mapigo yake. Mshairi amesimama mlangoni pa kitabu chake akatoa taarifa ya msiba, na sisi tunawafundisha watoto kuihesabu kama sifa ya mtindo! Wasomaji wa jarida hili nadhani watauhisi uzito wa jambo hili upesi. Mfikirie Muyaka bin Haji kwa Kiingereza. Maana ingelipita, na pengine hata kejeli ingelipita, lakini ile shoka inayotua mwisho wa kila mshororo isingelikuwapo. Na katika kitabu cha Okot msiba huo una maana ya ziada. Lawino analalamika kwamba mumewe ameacha lugha na ngoma ya kwao ili asikilizwe na walimwengu. Na malalamiko hayo hayakutufikia sisi mpaka naye alipoivua ngoma yake akavaa Kiingereza. Swali la mtindo lingeweza kuanzia hapo. Lingekuwa swali gumu, na mwanafunzi mwenye vina masikioni mwake angelijibu vizuri kuliko wengi. Wimbo huu umefasiriwa kwa Kiswahili pia, na Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino, mwaka 1975. Katika skuli nilizofundisha sikuona nakala hata moja ikitumika kumsaidia mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza, kana kwamba kusoma kwa lugha anayoiota ndotoni ni kuiba.

Ipo pia ile sehemu ya saa, ambayo madesa huipita haraka kwa neno "ujinga". Ocol ana saa kubwa ukutani na anamkaripia mkewe kwamba hajui wakati. Lawino anaujua wakati kwa jua, kwa mtoto anapolia njaa, kwa kazi inayokwisha na nyingine inayoanza. Sasa mtazame mtahiniwa wa Unguja. Ratiba ya mtihani imeandikwa 8:00, na mama yake anamwamsha akimwambia ni saa kumi na mbili, ukichelewa saa mbili haitakukuta. Saa ile ile, hesabu mbili, na moja inaanza na jua kama ya Lawino. Mtoto huyo hajawahi kuchelewa kwa sababu ya hesabu ya mama yake. Angeweza kuandika ukurasa mzima juu ya sehemu hii. Badala yake huandika kwamba Lawino hajasoma.

Na ndani ya wimbo wenyewe mna darasa. Lawino anasimulia jinsi alivyokuwa akienda jioni kufundishwa dini ya wamisionari, yeye na wenzake wakipiga kelele kuyarudia maneno wasiyoyafahamu hata moja, mwalimu akiwa mbele anapayuka, na huku nje ngoma za mbalamwezi zinalia. Ngoma zikamshinda, akatoka. Nimewahi kuisimamia saa ya marudio ya mtihani, madirisha wazi, watoto 50 wakirudia kwa sauti moja dhamira za Song of Lawino, neno kwa neno, kutoka ubaoni. Sikucheka wakati ule. Nilikuwa na wiki tatu tu mbele yangu.

Ocol naye? Skuli humsoma kama upande wa pili wa mizani: Lawino mila, Ocol maendeleo, na mwanafunzi mwerevu huandika katika hitimisho kwamba jamii ichukue mazuri ya pande zote mbili. Song of Ocol ilitoka mwaka 1970, miaka minne baada ya ule wa kwanza, na mtu wa pwani hawezi kuisoma isipokuwa kama jibu. Kujibizana ni katika mambo ya kale mno ya ushairi wetu. Muyaka wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana beti wakati wa vita vya miji yao, na magazeti yetu yameishi miaka mingi kwa malenga kuulizana na kujibizana. Adabu ya kujibu inajulikana. Mwenye kujibu huchukua bahari ya mwenzake, akashika vina vyake akiweza, na zaidi ya yote huzishika hoja zake, akazifungua fundo kwa fundo. Akizikimbia, baraza humhesabu ameshindwa hata kama maneno yake ni makali.

Kwa adabu hiyo Ocol hakujibu. Anaanza kwa kumfukuza mwanamke afunge mizigo yake, kisha anamsahau. Shitaka la kwamba amemdharau mke mbele ya watu, halijibu. La Tina, halijibu. Anageuka kulikemea bara zima, wafugaji, wafalme, vijiji, hadi anataka Mlima Kilimanjaro ulipuliwe. Na boga la mkewe anataka lifanywe mboji, na bonde la mahame yake lilimwe lote. Mwishoni anataka watukuzwe waasisi wa Afrika mpya, nao katika hesabu yake ni watu kama Leopold wa Ubelgiji na Bismarck. Baadhi ya wahakiki wamemlaumu Okot kwamba wimbo huu wa pili ni dhaifu. Mimi nadhani udhaifu ni wa Ocol, na Okot ameukusudia. Kijana aliyepita katika msitu wa vitabu amerudi hawezi kujibu shairi. Anaweza kuhutubia tu. Lawino amezungumza na watu, na Ocol anapiga kelele juu ya vichwa vya watu. Mwanafunzi akiliona hilo ameona zaidi ya "mazuri ya pande zote mbili".

Nisimwonee mtu wa mtihani. Msahihishaji ana bunda la karatasi mbele yake, wametoka watoto wa Karagwe na wa Micheweni, na lazima awapime kwa kipimo kimoja. Hoja zinahesabika, pumzi ya Lawino haihesabiki. Na cheti cha Kidato cha Nne kwa mtoto wa maskini si mchezo, ni mlango wa skuli ya juu au chuo. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wake asijali hoja tatu, aandike tu ahisivyo, anacheza na riziki ya mtu mwingine. Sikuwa na haki ya kumpa yule msichana kumi na tano.

Lakini nilikuwa na wajibu wa kukaa naye. Kwani alichokiandika kilikuwa na hoja tatu ndani yake, na yangu ilikuwa kazi ya kumwonyesha zilipo. Swali lilikuwa nafasi ya mwanamke. Lawino anapasha: basi ni mwanamke mwenye sauti ya hadhara, anayemshitaki mume mbele ya ukoo, na ukoo unasikiliza. Hiyo ni hoja, na mstari wa ushahidi upo. Lawino anajisifu kabla ya kupasha: alikuwa kiongozi wa wasichana, Ocol mwenyewe alimbembeleza, basi ana heshima isiyotokana na mume, na ndiyo anayoidai irudi. Hoja ya pili. Na bibi mwenye kanga, ambaye silaha yake ni kitambaa kwa sababu mlango wa kusema waziwazi umefungwa? Hapo pana hoja ya tatu, tena nzito kuliko zote, nayo ni mpaka wa uwezo wa Lawino. Hapingi ukewenza. Anasema wazi kwamba hamlaumu mume kwa kutaka mke mwingine. Vita vyake vyote viko ndani ya nyumba ya Ocol, na hakuna ubeti hata mmoja anaofikiria kutoka nje ya nyumba hiyo. Kitini kinachomwita mpigania haki za wanawake kimemvika nguo isiyo yake. Hoja hizi tatu msahihishaji yeyote mwenye insafu angezipa alama, lau zingeandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka, na kukinyoosha Kiingereza ndiko nilikokuwa nikilipwa.

Tangu hapo nimebadilisha mpango wa marudio. Kabla ya madesa hayajatoka mikobani tunasoma kwa sauti, mmoja akiwa Lawino na wengine wakiwa ukoo, na ukoo una ruhusa ya kuguna na kucheka. Tukishacheka tunauliza kicheko kimetoka wapi, na jibu tunaliandika kwa Kiingereza, sentensi moja moja, mpaka isimame. Halafu tunagawana. Nusu ya darasa hutunga ubeti mmoja wa tarbia kwa Kiswahili, Lawino akimsema Ocol, vina vya kati na vya mwisho vikitimia. Nusu nyingine humjibu kwa niaba ya mume, kwa vina vile vile, bila kukwepa alichoulizwa. Wasichana huenda haraka. Wavulana hukaa wakitafuna kalamu. Mwaka jana mmoja alisimama na ubeti wake, akausoma mishororo mitatu kwa kujiamini, akafika kwenye wa nne, akaketi. "Mwalimu," akasema, "huyu hajibiki. Kwani Ocol mwenyewe alijibu?"